Huyu Babu ni Yupi? Nasaba, Majina na Sanduku la Bati

Haboba, bibi yetu mzaa baba, alipofariki tulisubiri arobaini ipite, ndipo tukalivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, lile ambalo wanafunzi huenda nalo bweni. Kwetu ni Bombo, kaskazini mwa Kampala, na sanduku lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba yenyewe: mwaka 1979 lilikimbia na watu, kisha likarudi nao. Ndani mlikuwa na kawa mbili za ukindu wa rangi, gurbaba, vazi la kike la Kinubi, aliyoitarizi kwa mkono wake, cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne, medali mbili zilizofungwa kwenye leso, na bahasha ya picha. Nyuma ya picha moja mtu alikuwa ameandika kwa penseli neno moja tu: Namasagali.

Mpwa wangu alitoa simu papo hapo, akaandika jina la mwisho la babu kwenye tovuti ya kutafuta nasaba. Yakaja mamia ya watu wa Misri, Uturuki na Marekani. Akaniuliza, "Mjomba, kwani sisi hatumo?"

Tumo. Ila tovuti zile zimejengwa juu ya desturi isiyo yetu: kwamba mtoto huchukua jina la baba, baba alichukua la babu, na ukilishika jina hilo moja ukalifuata nyuma utawafikia wote. Ulaya hilo hufanya kazi. Uganda, anayeshika jina la mwisho kama kamba ya kumvuta babu atajikuta ameshika kamba isiyofungwa popote.

Nianze na upande wa mama yangu, Waganda, yaani watu wa Buganda, wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Kwa Waganda mtoto hapewi jina la baba yake. Kila ukoo una hazina yake ya majina, na mtoto huchaguliwa jina kutoka humo, mara nyingi la babu au bibi aliyetangulia. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kidogo, na wote ni halali wa baba mmoja. Kinachowafunga pamoja ni mwiko wa ukoo: Ngeye hali mbega, Mamba hali kamongo, Ngonge hali fisi maji, Lugave hali kakakuona. Koo za Buganda ni zaidi ya 50, na watu wa ukoo mmoja hawaoani, ndiyo maana hata kijana asiyejali mambo ya kale hulazimika kuujua ukoo wake kabla hajapeleka barua ya posa.

Ukoo wenyewe umepangwa kama mti. Juu kabisa yuko mkuu wa ukoo, wanamwita wa akasolya, kilele cha paa. Chini yake kuna ssiga, na Mswahili akilisikia neno hilo hatahitaji mkalimani: ni figa, jiwe la mekoni. Halafu mutuba, kisha lunyiriri, kisha luggya, ambao ni ua wa nyumba. Mganda aliyelelewa vizuri huweza kujitambulisha kwa kupanda ngazi hizo moja moja: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, ua wetu uko kijiji fulani, mutuba wetu ni wa fulani, mpaka kwa mkuu. Wanaita kulanya. Kwa mtafutaji, maneno hayo ya dakika mbili yana thamani kuliko mwezi mzima kwenye mtandao, kwa sababu kila ngazi ina kiongozi aliye hai, ana kijiji, na mara nyingi ana makaburi ya kwao ambayo unaweza kwenda kuyaona.

Yapo pia majina yanayoonekana ya ukoo na kumbe si ya ukoo. Wasswa na Kato ni pacha, kama Kulwa na Doto kwa wenzetu wa Tanzania, na Kizza ni aliyezaliwa baada ya pacha. Kwa Waacholi, Opiyo na Ocen ni pacha, na Okello ndiye anayewafuata. Wako akina Okello maelfu wasio na undugu wowote. Wanachoshirikiana ni kwamba mama zao walizaa pacha kabla yao. Huko Bunyoro na Tooro kuna empaako, majina ya heshima na mapenzi kama Amooti, Akiiki na Abwooli, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukisikia wazee wawili wote wanaitwa Abwooli usiwafanye ndugu.

Sasa nije kwenye fundo lililotutesa sisi wenyewe.

Upande wa mama kuna picha ya mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe na koti juu yake, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli. Nyuma kuna muhuri wa studio na mwaka 1956. Shangazi wa mama, ambaye sisi sote tunamwita jjajja, neno la Kiganda la babu au bibi, aliishika picha ile kwa mikono miwili akasema, "Huyu ni jjajja wenu mwenyewe, mwenye ua." Mjomba wangu akaruka: haiwezekani, mwenye ua alikufa wakati wa nzige, na nzige wale walikuja mwanzoni mwa miaka ya 1930. Maneno yakawa makali. Kila mmoja aliona mwenzake anazeeka vibaya.

Wote wawili walikuwa sahihi. Mganda akifa, baada ya maziko hufanyika sherehe ya kumaliza msiba, okwabya olumbe, na hapo hutangazwa mrithi, omusika. Huvikwa kitambaa cha gome la mti wa mutuba, akiwa mwanamume hukabidhiwa mkuki, kisha huonyeshwa kwa watu. Kwetu huyo harithi mali tu, hurithi nafasi. Kuanzia siku ile watoto wa marehemu humwita baba, hata kama ana umri mdogo kuliko wao. Mara nyingi anaitwa kwa jina lile lile. Kwa wakuu wa koo jambo hili liko wazi zaidi: mkuu wa Ffumbe ni Walusimbi, mkuu wa Mamba ni Gabunga, mkuu wa Nkima ni Mugema, kizazi baada ya kizazi. Ukisikia "Mugema alimfanyia Kabaka hivi" usidhani ni mtu mmoja aliyeishi miaka mia tatu. Mwenye kanzu kwenye picha yetu alikuwa mrithi, mtoto wa kaka wa yule marehemu. Jjajja alikuwa anataja nafasi, mjomba anataja mtu.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza "babu yako ni nani?" Nauliza maswali mawili: nani alimzaa, na nani alimrithi? Halafu na hapo naongeza: huyo baba unayemtaja ni aliyekuzaa, au ni ndugu yake? Maana kaka za baba wote ni baba. Ukichora shajara, yaani mti wa ukoo, bila kutenganisha mambo haya, vizazi viwili vitakunjana kuwa kimoja, na miaka haitakubali tena kukaa sawa.

Kuna mlango mmoja ambao watafutaji wengi hawaugongi: wanawake. Mwanamke wa Kiganda hakuwa akiacha jina la ukoo wake alipoolewa. Nakku au Nansubuga alibaki vivyo hivyo mpaka kaburini. Kwa hiyo jina la bibi mzaa mama linakupeleka moja kwa moja kwenye ukoo wake, wakati jina la mumewe huenda lisikupeleke popote. Na kwa wana wa wafalme ndiyo kabisa, kwa sababu desturi ni kwamba Kabaka hufuata mwiko wa ukoo wa mama yake. Shangazi nao, ssenga, ndio hasa wenye kumbukumbu. Wao ndio waliopeleka mabinti kuolewa, wanajua nani alitoka wapi, na nani alizaliwa kabla ya harusi.

Upande wa baba mambo ni tofauti kabisa. Wanubi wa Uganda ni vizazi vya askari wa Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri, waliobaki kule Equatoria (leo Sudan Kusini) na kando ya Ziwa Albert baada ya yeye kuondoka na msafiri Stanley mwaka 1889. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwakuta huko Kavalli chini ya mkubwa wao Selim Bey, akawaleta huku pamoja na wake, watoto na wafuasi wao, maelfu ya watu. Sisi ni Waislamu, na majina yetu hufuatana: jina la mtoto, la baba, la babu. Ungedhani hapo kazi ni rahisi. Ni rahisi mpaka unapofika kwa yule aliyekuja na Lugard, halafu unagonga ukuta. Wengi wa askari wale walikuwa wamechukuliwa wakiwa vijana kutoka kwa Wabari, Wamakaraka, Wamundu, Wakakwa na wengineo, wakapewa majina ya jeshini. Murjan ni marijani, Almasi unaijua, Rehan ni mrehani, mmea wa kunukia. Baba wa askari wa namna hiyo mara nyingi aliandikwa Abdallah, mja wa Mungu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza jina lake halisi.

Nimeona ndugu zetu wakijaza pengo hilo kwa shajara za kununua, zinazowafikisha Makka kwa hatua kumi na mbili. Nawaomba tusifanye hivyo. Pengo lile ni sehemu ya nasaba yetu, ni alama ya yaliyowapata watu wale, na kulifunika ni kuwachukua mara ya pili. Andika "Murjan, Mmakaraka, alikuja 1891," na uishie hapo mpaka upate zaidi.

Kuna koo nyingine zenye mapengo ambayo wenyewe wanayajua na hawataki yaguswe. Buganda ya zamani ilikuwa na mateka na watumwa waliozaa ndani ya nyumba za mabwana wakaingizwa kwenye ukoo. Miaka ya 1920 na baada yake walikuja watu wengi kutoka Ruanda-Urundi kutafuta kazi mashambani, na wengi wao, ili wasidharauliwe, wakachukua majina ya Kiganda na ukoo wa mwenyeji wao. Visiwa vya Ssese na mwambao wa ziwa vilihamishwa watu kwa sababu ya malale mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa uliokuwa umeua watu kwa mamia ya maelfu, na familia zilizotawanyika hazikuonana tena. Mzee akinyamaza ghafla katikati ya hadithi, mwache. Kaa naye, kunywa chai, urudi wiki nyingine. Na akikwambia jambo la siri kwa masharti, masharti hayo yarithiwe pamoja na jambo lenyewe.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wazee wenye nafasi. Sivyo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 10, inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi au babu na bibi zake ni wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa kwenye jedwali la tatu, na Wanubi wamo. Ukienda kuandikishwa kitambulisho cha taifa utaulizwa kabila na ukoo. Kijana asiyeweza kumtaja babu yake hukwama mbele ya meza, hasa akiwa na jina ambalo karani analiona "la Sudani". Limetukuta nyumbani kwetu, na kilichotuvusha ni kile cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne.

Cheti kama kile kina habari nyingi kuliko kinavyoonekana. Ndoa ya Kiislamu ina walii na mashahidi. Walii ni baba, kaka au ami wa bibi harusi, kwa hiyo jina lake tayari ni upande mzima wa mwanamke. Mashahidi mara nyingi ni majirani au wenzake wa kikosi. Sheria ya kuandikisha ndoa za Kiislamu ilikuwapo tangu 1906, ingawa wengi hawakuandikisha. Kwa Wakristo, rejista za ubatizo ndizo hazina. Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877 na Mapadre Weupe 1879, na parokia kongwe zina vitabu vya mwishoni mwa karne ya 19. Vya Katoliki vimeandikwa Kilatini, na pembeni ya jina la mtoto utakuta baadaye wameongeza kipaimara na ndoa yake. Nenda na barua, nenda na mwaka wa kukisia, na usikasirikie tahajia. Luganda ilisanifiwa tahajia mwaka 1947 tu. Kabla ya hapo kila mtu aliandika alivyosikia. Kagwa na Kaggwa ni mmoja. R na L hubadilishana viti. Tafuta kwa sauti, si kwa herufi.

Nyaraka za serikali ya kikoloni zilizokuwa Entebbe sasa ziko kwenye jengo la hifadhi ya taifa Wandegeya. Humo watawala na machifu wamejaa, mkulima wa kawaida huonekana akiwa na kesi au deni. Kwa wenye asili ya ardhi ya mailo, mashamba yaliyogawiwa kwa maili za mraba, hati zilizotokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Uingereza hufuata jina kwa jina kila shamba liliporithiwa. Huko Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kimezipiga picha nyaraka za wilaya na kuziweka kwenye kompyuta.

Kuhusu vipimo vya vinasaba nitasema kidogo. Vinakulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na waliopimwa kutoka sehemu zetu ni wachache, kwa hiyo utapewa asilimia za eneo pana na si jina la babu. Tena vinaweza kufichua kwamba baba si baba. Kabla ya kununua, jiulize kama nyumba yenu iko tayari kwa jibu hilo.

Miaka nayo haipatikani kwa kuuliza mwaka. Uliza alizaliwa wakati wa nini. Kabla ya Kabaka Mutesa wa Pili kupelekwa uhamishoni, au aliporudi? Hiyo ni Novemba 1953 na Oktoba 1955. Malkia alipokuja Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, Aprili 1954, alikuwa anatembea au yuko mgongoni? Reli ilipofika Kampala, 1931? Ziwa lilipojaa likala nyumba za mwambao, mwanzoni mwa miaka ya 1960? Mama mmoja jirani yetu, ambaye kitambulisho chake kinasema 1960, alikumbuka vizuri kubebwa begani kumwona Malkia.

Na usiende mikono mitupu. Ukimwambia mzee "nisimulie historia ya ukoo" atakupa hotuba. Mpe kitu ashike. Kawa ile ya Haboba, nilipoiweka mapajani mwa dada yake, ilitoa majina ya wanawake sita waliokuwa wakisuka pamoja, nani alipika rangi na nani alikuwa anaharibu ukingo, nikajua ndoa mbili ambazo hakuna karatasi inayozitaja. Weka simu irekodi, lakini omba ruhusa kwanza, na anza kwa kutaja tarehe, mahali na waliopo. Mwache aongee lugha yake. Kinubi chake kilikuwa na maneno ambayo Kiswahili changu kingeyamwaga.

Vitu vyenyewe hufa kwa mambo manne: unyevu, jua, wadudu na mapenzi ya watu. Hilo la mwisho ndilo baya kupita yote. Shangazi yangu, kwa kumpenda baba yake, alisugua medali moja kwa majivu na limau ing'ae kwa ajili ya Idd. Ilikuwa ya Vita vya Kwanza, na medali za Uingereza za vita vile kwa kawaida zilichongwa jina na namba ukingoni. Sasa ukingo ni laini kama kijiko. Medali usiisafishe, ifunge kwenye kitambaa cha pamba kikavu, basi. Cheti kilichochakaa usikipeleke kupigwa lamineshoni. Joto na gundi vikishashika karatasi havitoki tena. Kinyooshe taratibu, kiweke bapa ndani ya karatasi nyeupe safi. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, utaondoka na nyuso za watu. Ipige picha hivyo hivyo kupitia kioo, ukiisimamisha kwa mshazari ili mwanga usirudi. Nyuma ya picha andika kwa penseli, kwa mkono mwepesi, kwa sababu wino hupenya.

Gome la mutuba halioshwi wala halikunjwi. Mikunjo ndiyo hukatika kwanza. Liviringishe juu ya bomba la karatasi ngumu, lifunike kwa kitambaa cha marekani, liweke mbali na dirisha. Utengenezaji wake umo kwenye orodha ya urithi wa UNESCO, lakini kipande cha babu yako ni chako kukilinda. Sanduku la bati si baya, ila hutoa jasho wakati wa masika. Liinue juu ya matofali, litandike kitambaa ndani, na Januari, jua likiwa limekausha hewa, lifungue kivulini ukague kila kona. Vidonge vyeupe vya naftalini mimi nimeviacha. Vinaumiza kifua na si vizuri kwa picha.

Halafu toa nakala. Makaburi ya wafalme Kasubi yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na yalikuwa na walinzi. Sanduku lako halina. Piga picha kila kitu, mbele na nyuma, nakala moja ibaki kwako, nyingine kwenye memori kadi kwa ndugu wa mji mwingine. Ukituma kwa WhatsApp itume kama faili, la sivyo inabanwa na herufi ndogo zinapotea.

Ile picha ya Namasagali niliipeleka Jinja kwa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye reli. Hakuwatazama watu. Aliweka kidole kwenye nguzo zilizo nyuma yao akasema, "Hiyo ni gati." Reli ya Busoga ilifika Namasagali mwaka 1912, na hapo ilikutana na meli za kwenda Ziwa Kyoga. Wakati wa vita, akasema, makuruti kutoka kaskazini walishuka na meli hadi pale, wakapanda treni. Wale wawili wenye fimbo za kutembelea ni wapokezi. Medali ya pili ya babu ni nyota ya Burma, na kikosi cha Uganda cha KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kilipigana Burma mwaka 1944. Nikaigeuza picha, nikampa mzee penseli. Chini ya neno lile akaandika polepole, kwa herufi za zamani: gatini, makuruti, kabla ya Burma.